Daftari la injini: kuanzia Caravan ya leo hadi ndege ya mseto

Kwenye hanga letu hapa Dar es Salaam, fundi mpya wiki ya kwanza simkabidhi spana. Namkabidhi daftari. Ndege ndogo ya Cessna Caravan, yenye injini ya tabini PT6A-114A ya nguvu farasi 675, ina injini hiyo moja tu, na kwenda Unguja lazima ivuke bahari. Kama inaumwa, bora tujue ikiwa bado iko chini.

Kila siku mwombe rubani namba za safari moja, ndege ikiwa imetulia angani na liva za nguvu hazijaguswa kwa dakika tano hivi: torki (nguvu ya kuzungusha propela), kasi ya kompresa inayobana hewa yaani Ng, joto la gesi kati ya tabini yaani ITT, mafuta yanayotumika kwa saa, kimo, mwendo na joto la nje. Hewa ya joto ya kabini iwe imefungwa. Namba alizoandika akiwa bado anapanda, zitupe. Nimeshakesha natafuta ugonjwa ambao haukuwepo kwa ajili ya namba za namna hiyo.

Linganisha na vile injini yenye afya ingesoma katika hewa ileile, uchore tofauti. Siku moja haisemi kitu, tazama wiki mbili tatu.

Kwa torki ileile, Ng, ITT na mafuta vikipanda vyote taratibu, mara nyingi kompresa imechafuka. Huku pwani mtuhumiwa wa kwanza ni chumvi. Injini ikishapoa, iginisheni ikiwa imezimwa, ioshe kwa maji yaliyoondolewa madini huku stata ikiizungusha. Kwa betri ya ndege: sekunde 30, pumzisha 60, tena 30, pumzisha 60, tena 30, kisha iache nusu saa. Mistari ya mchoro isiporudi, kagua geji ya torki, kwani ikidanganya yote matatu husogea pamoja. Lakini ITT na mafuta vikipanda huku Ng inashuka, tatizo liko upande wa moto, yaani kwenye mwako na tabini. Ingiza kamera ya ukaguzi, usingoje sevisi.

Kimoja kikisogea peke yake, shuku kipimo. Kuna Caravan moja ITT yake ilishuka nyuzi 20 kati ya jana na leo, watu wakafurahi eti injini imepata nafuu. Injini gani hujitibu usiku? Nikafungua kava: nati ya waya wa kipimajoto imelegea, imeota ukungu wa kijani. Joto halisi lilikuwa palepale, ila rubani alikuwa haoni.

Sasa mseto. Novemba 2022, huko Camarillo, California, kampuni ya Ampaire iliirusha Caravan ya injini ya mafuta ikisaidiwa na mota ya umeme. Ninachokihofia hapo ni msaidizi. Injini ikipungukiwa, mota inaweza kufidia, propela ikapata nguvu ileile, na mchoro wako ukabaki umenyooka huku mgonjwa yumo ndani. Kwa hiyo usiandike torki ya jumla. Tenga safu: injini imetoa ngapi, mota imetoa ngapi, mota ina joto gani. Kwa betri inayolisha mota, achana na wastani. Andika seli yenye joto kuliko zote na yenye volti ndogo kuliko zote.

Na manuali ikiruhusu, mara moja kwa wiki chukua namba mota ikiwa haisukumi. Siku umeme ukileta hitilafu na rubani akaukata, atabaki na injini ile peke yake, na hizo ndizo namba atakazozihitaji.