Kabla ya kuipa kampaundi jina, tambua aina ya elementi zake

Anayejifunza majina ya kampaundi atajiepusha na makosa mengi iwapo, kabla ya kuanza kuhesabu atomi, atajiuliza kama elementi zilizoungana ni metali na simetali, au ni simetali tupu. Magnesiamu inapoungana na klorini, kila atomi ya magnesiamu hupoteza elektroni 2 na kila atomi ya klorini hupokea 1, hivyo ioni (atomi zilizopata chaji kwa kupoteza au kupokea elektroni) zinazoshikamana kwa mvutano wa chaji hutoa fomula moja tu, MgCl₂. Ndiyo maana jina lake ni kloridi ya magnesiamu, bila kutaja idadi. Simetali, kwa upande wao, hutumia elektroni kwa ushirika, na elementi zilezile mbili huweza kuungana kwa namna zaidi ya moja: CO ni kaboni monoksidi, CO₂ ni kaboni dioksidi, na hapo idadi haina budi kutamkwa.

Panapowakwaza wengi, kwa maoni yangu, ni kwenye metali kama chuma, ambayo ioni zake huwa na chaji ya 2+ au 3+. Namba ya Kirumi katika oksidi ya chuma (III), yaani Fe₂O₃, hutaja chaji ya kila ioni ya chuma, wala haihesabu zile atomi 3 za oksijeni, ingawa hapa tarakimu zimesadifiana. Mwenye shaka na aitazame oksidi ya shaba (I): fomula yake ni Cu₂O, ilhali ya oksidi ya shaba (II) ni CuO, na oksijeni ni moja katika zote mbili.