Usukani unagonga? Shika shafti kwa mkono kabla hujanunua raki

Habari zenu wakuu. IST yangu ilianza kugonga "ko, ko" kila nikipita barabara ya vumbi, na mgongano nilikuwa nausikia hadi viganjani. Fundi wa kwanza hakulala hata chini ya gari, akasema raki (kifaa kinachosukuma matairi kushoto na kulia) imekufa. Nikanunua raki ya mtumba, ikafungwa, alaimenti ikapigwa. Tuta la kwanza nje ya gereji, ko! Kumbe tatizo lilikuwa jointi ya shafti ya usukani, kitu kinachoshikwa na boliti mbili. Nimeandika somo hili ili mwenzangu asilipe nilicholipa mimi.

Fahamu njia yenyewe kwanza. Chini ya usukani, ndani ya zile plastiki, kuna shafti kuu. Kwenye IST na Toyota nyingi ndogo, mota ya umeme inayosaidia kukata kona nayo imekaa hapo hapo. Kisha inakuja shafti fupi ya kati yenye jointi za msalaba, karibu na pedali, halafu mpira wa vumbi kwenye bati linalotenganisha kabini na injini, mwisho raki.

Hatua ya 1: tafuta sauti inakotokea
Egesha pahali tambarare, washa injini, mtu akae kwenye usukani aucheze kidogo kidogo kushoto na kulia. Asizungushe hadi mwisho, utikisike tu. Wewe inama kwenye pedali, shika jointi moja baada ya nyingine. Iliyokufa utaihisi inadunda kiganjani. Usipohisi kitu, sogea kwenye tairi la mbele ushike koili ya shokapu: ikijikunja na kuruka kwa "twang", beringi ya mauntini (kikalio cha juu cha shokapu) ndiyo mbovu, safu ya usukani haina kosa.

Hatua ya 2: soma aina ya sauti
Mkwaruzo mkavu karibu na honi, unaosikika hata gari likiwa limezimwa, mara nyingi ni plastiki zinazosuguana au klokspringi (utepe wa waya uliojiviringisha nyuma ya usukani, unaopeleka umeme kwa honi na eabegi). Mlio wa mlango mkavu kwenye miguu yako ni mpira wa vumbi. Mgongano kwenye mashimo ni jointi, meno ya shafti (mistari inayoshikanisha shafti na jointi), au bushi za raki. Na ule wa "ka-ka-ka" ukikata kona kali huku gari likitembea ni sivijointi (jointi ya ekseli inayozungusha tairi). Huo usikupotezee muda hapa.

Hatua ya 3: mpira wa vumbi
Safisha kwa kitambaa, paka grisi ya silikoni pale shafti inapopita. Grisi ya kawaida usiitumie, inaweza kuuvimbisha mpira. Umemaliza.

Hatua ya 4: shafti ya kati
Hapa nendeni taratibu. Nyoosha matairi, zima gari, pitisha mkanda wa kiti ndani ya usukani ili usizunguke. Shafti ikiwa imefunguliwa na usukani ukazungushwa, klokspringi itakatika. Piga alama ya rangi kwenye jointi na kwenye meno yake, juu na chini. Fungua boliti mbili (namba 12 kwa Toyota nyingi) na uzitoe kabisa, kwa sababu boliti inapita kwenye mfereji wa shafti; kuilegeza tu hakutoshi.

Ikitoka, kunja jointi pande zote. Ikicheza, au ikikwama na kuachia, badilisha shafti nzima. Ikiwa ni meno ya kuteleza tu yaliyokauka, safisha na upake grisi ya lithiamu. Rudisha kwa kufuata alama. Boliti za Toyota nyingi ndogo hukazwa takriban Nm 35 (kipimo cha nguvu ya kukaza), lakini hakikisha kwenye kitabu cha gari lako.

Msichukulie poa meno hayo. Mwaka 2012 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 2 duniani yarudishwe kutengenezwa, Prius na Corolla zikiwemo, kwa sababu ya meno ya shafti hii hii kuweza kulika.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimefuata yote, kelele imeisha, ila usukani umekaa upande nikienda moja kwa moja.
Jibu: Umeruka jino moja. Fungua tena, rudi kwenye alama. Usikubali wakurekebishie kwa tairodi (fimbo inayounganisha raki na tairi).

Swali: Kaka, yangu inakwaruza, honi hailii na taa ya eabegi imewaka.
Jibu: Klokspringi imekatika, dada yangu. Kabla ya kugusa eabegi, toa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90. Mpya lazima ifungwe ikiwa katikati ya mizunguko yake, la sivyo itakatika siku hiyo hiyo.

Swali: Forester yangu yenye usukani wa hidroliki (unaosaidiwa na oili) inavuma nikikata mwisho.
Jibu: Hiyo ni pampu ya usukani. Angalia oili yake, ikiwa na povu, inavuta hewa. Kwa Subaru anza na oringi (mpira mdogo wa duara) ya bomba linaloingia juu ya pampu, bei yake ndogo sana.

Swali: Fundi wa mtaani anasema ataichomelea jointi isicheze. Bei yake nafuu.
Jibu: Hapana, ndugu yangu, nakuomba. Jointi ikichomelewa haikunji, na weldi ikipasuka ukiwa mwendoni usukani utazunguka bure mikononi mwako. Liache gari nyumbani hadi upate shafti nyingine, hata ya mtumba, uikague kama nilivyoeleza hatua ya 4.