Timeshift kwanza, programu nyingine baadaye

Ukimaliza kusimika Linux mpya, kabla ya kuongeza kivinjari kingine, vicheza video au dreva za kadi ya michoro, simika Timeshift, programu ya kuhifadhi na kurejesha hali ya mfumo, na upige picha ya kwanza ya mfumo (yaani nakala ya faili zake zilivyo wakati huo) ungali safi. Katika Debian na Ubuntu amri ni sudo apt install timeshift; Linux Mint huja nayo tayari. Chagua njia ya rsync, ambayo hunakili faili zote za mfumo mara ya kwanza tu, na kwa kila picha inayofuata huhifadhi zilizobadilika pekee, huku zile ambazo hazijaguswa zikiunganishwa na nakala ya awali bila kuchukua nafasi mara mbili. Sasisho likizuia kompyuta kuwaka, iwashe kwa flashi ile ile uliyotumia kusimika, fungua Timeshift humo (kama haimo, isimike kwanza), ielekeze kwenye diski yenye picha, kisha urejeshe. Nyaraka zako hazimo katika picha hizo: saraka ya /home huachwa nje kwa chaguo-msingi, na ni vyema ibaki hivyo, la sivyo kurejesha mfumo wa wiki iliyopita kutaifuta kazi ya wiki hii. Diski yenyewe ikifa, picha zilizomo hupotea nayo; mwenye diski ya pili aziweke huko, mradi iwe imeumbizwa kwa ext4 au muundo mwingine wa Linux, kwa kuwa miundo ya Windows, NTFS na FAT, haifai.