Korosho ghalani, mwenyewe kaburini: tulivyofungua mirathi ya baba Newala

Baba alipeleka gunia sita kwenye ghala la chama cha msingi, ushirika wa wakulima wa korosho, mnada wa Oktoba ukapita, akafariki kabla hajalipwa. Wiki mbili baadaye simu yake ikalia: ujumbe wa benki, pesa imeingia. Kaka akasema namba ya siri anaijua, twende tukatoe. Nikaificha kadi kwenye kopo la chumvi. Pesa ile ilishakuwa ya warithi wote, na anayeichota kabla ya kuteuliwa na mahakama atakuja kudaiwa shilingi kwa shilingi.

Anza na cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Wengi huishia kwenye kibali cha mazishi, kumbe benki hawakitaki. Angalia na majina: baba benki alikuwa na majina matatu, kwenye karatasi za shamba mawili, moja la utani. Ilibidi twende kwa wakili kula kiapo kwamba ni mtu yule yule.

Kisha kikao cha ukoo. Muhtasari uandike tarehe, waliohudhuria na sahihi zao, warithi wote, mali, madeni, na mliyempendekeza kuwa msimamizi. Walinipendekeza mimi. Kwetu Wamakonde mjomba na wapwa wana sauti, na mpwa wa baba alikuja akiulizia mikorosho. Hatukumfukuza. Tulimkalisha, shehe akamweleza mafungu ya Kiislamu (mama, kama mjane, thumuni yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike), akaguna, akatia sahihi. Angetoka amenuna angekwenda kuweka pingamizi, nasi tungehesabu miezi.

Muhtasari na cheti vinapelekwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikokuwa akiishi marehemu, ikiwa mirathi yake inafuata dini ya Kiislamu au mila. Nyingine huenda mahakama za juu. Unajaza Fomu namba 1 ya maombi, tangazo linabandikwa, na asipotokea wa kupinga hakimu anakupa Fomu namba 4, barua ya usimamizi. Hapo ndugu wengine huanza kutembea kifua mbele kama wamerithishwa kila kitu! Barua hiyo inakupa kazi tu: kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa. Una miezi minne kurudisha Fomu namba 5, orodha ya mali na madeni, na namba 6, hesabu ya ulivyogawa. Sisi pesa ya korosho ilihamishiwa akaunti ya mahakama, ndipo kila mrithi akaingiziwa fungu lake kwenye akaunti yake.

Sasa, kilichotuokoa ni shamba moja ambalo halikuingia kabisa kwenye orodha. Miaka mitatu kabla ya kufa, baba alimpa mdogo wangu. Alimtembeza mpaka kwa mpaka, mkorosho wa pembeni kwa pembeni, majirani na mwenyekiti wa kitongoji wakiona, karatasi ikasainiwa. Msimu uliofuata mdogo wangu akapalilia mwenyewe na kuuza kwa jina lake chamani. Hiyo ndiyo hiba, zawadi iliyokabidhiwa mtoaji akiwa hai. Shamba la pili baba alizoea kusema "hili la mwanangu wa mwisho", lakini korosho akaendelea kuokota yeye mpaka anaumwa. Wazee wakasema hakukabidhi. Likaingia kwenye mirathi, na mwanawe wa mwisho hadi leo hanisalimii vizuri.

Wasia andika, ila haukuepushi na mahakama, na kwa Mwislamu hauvuki theluthi moja ya mali, wala haumwongezei mrithi kitu bila wenzake kuridhia. Mume na mke wenye kiwanja wanaweza kuandikisha hati kwa umiliki wa pamoja, yule anayebaki akaendelea nacho. Uliza vizuri ofisi ya ardhi, kwa sababu kuna aina nyingine ambayo kila mmoja ana fungu lake, na mwenye fungu akifa, fungu lake linaingia kwenye mirathi. Jina la ndugu wa karibu ulilojaza benki ni la kupigiwa simu, si la kupewa pesa.

Mama siku hizi anauza korosho zake kwa akaunti yake. Jina lake kwenye kitambulisho, benki na chamani ni lile lile, herufi kwa herufi, nimelikagua mwenyewe.