Somo: Namna ya kuangalia video za samaki wa chini kwenye bahari za barafu

Jamani, hizi video za kamera za Antaktika zinazunguka sana kwenye simu na kila mtu anauliza "huyu samaki gani". Mie nasema hilo swali liwe la mwisho.

Hatua ya 1. Angalia kina. Kule hata karibu na bara unakuta mita 500 hivi, sababu barafu imeielemea ardhi ikaididimiza na kuikwangua, kwa hio usitegemee mwanga wala mwamba kama wa kwetu Mnemba.

Hatua ya 2. Joto, na hapa ndo wengi wanaruka. Februari 2021 meli ya Kijerumani Polarstern ilikuwa inaburura kamera Bahari ya Weddell, huko huko Antaktika, kina mita 420 mpaka 535, wakakuta viota vya samaki, viota, viota, mpaka wakakadiria vipo kama milioni 60 kwenye kilomita za mraba 240, na maji ya pale chini yalikuwa na joto kupita ya kando, tofauti inafika nyuzi 2. Kwetu nyuzi 2 hata huzihisi, kule ni mtaa mwengine kabisa.

Hatua ya 3. Soma chini penyewe. Kiota ni kishimo cha duara, upana kama sentimita 75, tope limeondoshwa vimebaki vijiwe, mayai juu yake, na samaki mmoja kajilaza hapo hapo analinda, kama kikande anavyokaa na chake, ila huyu hakufukuzi. Vyengine utaona mayai bila mlinzi, vyengine vitupu.

Hatua ya 4. Tabia. Wengi wa Antaktika hawana kibofu cha hewa, kile kifuko cha ndani kinachomfanya samaki aelee, kwa hio wanatua chini wakaegemea mapezi. Usiseme kafa, tazama matamvua yanavyopumua polepole.

Hatua ya 5. Kupima: tumia vile vidoa vya mwanga wa leza ambavyo kamera inapiga chini, umbali baina yao unajulikana, ndo kipimo chako cha ukubwa, basi.

MASWALI

Wete: Mwalimu mbona hawagandi?
Jibu: Bahari ile inashuka mpaka kama nyuzi -1.9, samaki wetu angeganda hata -1 hajafika. Wao damuni wana protini inayoshika vipande vya barafu visikue, mwanasayansi Arthur DeVries ndo aligundua miaka ya 1960.

Nungwi: Ati kuna wenye damu nyeupe, kweli au chai?
Jibu: Kweli bwana, na hao wa viota ni katika hao hao. Hawana himoglobini, ile inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu. Maji baridi yanabeba oksijeni nyingi, alaf moyo wao mkubwa na damu yenyewe nyingi, wanajikimu.

Mkoani: Na Aktiki ni hao hao?
Jibu: Hapana, kule kaskazini ukoo mwengine, ingawa kuna samaki wa huko aitwae kodi (cod) ana protini karibu sawa na hio na kila mmoja kaipata kivyake. Bahari ya Barents, ya huko Aktiki, sasa inapata joto, samaki wakubwa wa kusini wanapanda juu na wale wadogo wa baridi wanabanwa.

Mkokotoni: Dema je, lingepata kitu?
Jibu: Dema sijui, ila wavuvi wa kule wanashusha mishipi mirefu yenye ndoana nyingi mpaka chini, wanamtafuta samaki mmoja aitwae samaki wa meno (toothfish) anayepita kilo 100. Huyo nae hana kibofu, ila ana mafuta mengi mwilini yanamnyanyua, ndo maana akikua anaweza kupanda juu kutafuta chakula.