Jinsi ya kudai malipo ya kazi uliyofanya siku ya sikukuu (Tanzania Bara)

Mlinzi, mhudumu wa hoteli, dereva wa basi, fundi wa mitambo: sikukuu huwakuta kazini, na hilo peke yake si kosa la mwajiri. Kosa ni pale mshahara wa mwisho wa mwezi unapotoka uleule, kana kwamba tarehe 9 Desemba ilikuwa siku kama nyingine. Fedha hizo zinadaika. Zinapotea kwa sababu mbili kubwa: mfanyakazi hana kumbukumbu ya saa alizofanya kazi, au ananyamaza mpaka muda wa kufungua shauri unapita. Kwa hiyo soma mwongozo huu ukiwa na kalenda mkononi. Unahusu Tanzania Bara pekee. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2005.

Kifungu cha kushika ni cha 25 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ni kifupi: mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu, mwajiri atamlipa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi siku hiyo. Kifungu kinazungumzia fedha. Hakitaji siku ya kupumzika kama mbadala, kwa hiyo ukiambiwa "utapumzika Alhamisi", jibu kwa adabu kwamba sheria imeandika malipo. Wasioguswa na kifungu hiki ni wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Sheria yenyewe pia haiwahusu JWTZ, Polisi, Magereza na JKT.

Kwanza, hakikisha siku yenyewe ni sikukuu. Zinazohesabika ni zile za Sheria ya Sikukuu za Kitaifa: Mwaka Mpya, Mapinduzi (12 Januari), Ijumaa Kuu, Pasaka na Jumatatu yake, Karume (7 Aprili), Muungano (26 Aprili), Mei Mosi, Sabasaba, Nane Nane, Nyerere (14 Oktoba), Uhuru (9 Desemba), Krismasi na siku inayofuata, pamoja na Idd el Fitr, Idd el Haj na Maulid zinazofuata mwandamo wa mwezi. Rais anaweza kutangaza nyingine, kama ilivyokuwa siku ya Sensa, 23 Agosti 2022. Kama ulikuwa kwenye likizo ya mwaka, usidai chochote: siku 28 za likizo zinajumuisha sikukuu zinazoangukia ndani yake.

Pili, piga hesabu, na ipige vizuri. Anza na mshahara wa msingi. Toa posho zote: nauli, nyumba, chakula, simu. Kisha tafuta malipo ya saa moja kwa kanuni iliyo kwenye jedwali la Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini: gawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa zao la 4.333 na saa zako za kawaida za wiki. Kwa anayefanya kazi saa 45 kwa wiki, ambao ndio ukomo wa saa za kawaida, unagawa kwa 195. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 anapata shilingi 2,000 kwa saa. Mara mbili yake ni 4,000. Akifanya kazi saa tisa siku ya Muungano, saa hizo zina thamani ya shilingi 36,000. Mwajiri anaweza kusema kwamba nusu ya fedha hiyo tayari imo kwenye mshahara wa mwezi. Hoja hiyo aitetee mwenyewe mbele ya msuluhishi. Wewe andika hesabu kama kifungu kilivyo.

Wa zamu za usiku mnapunjwa zaidi, kwa hiyo someni hapa taratibu. Kwa saa za kazi, sheria inahesabu siku kuwa saa 24 kuanzia muda ambao mfanyakazi huanza kazi kwa kawaida, siyo kuanzia saa sita usiku. Kwa hiyo mlinzi anayeingia lindo saa kumi na mbili jioni ya tarehe 8 Desemba na kutoka saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 9 anaweza kukutana na ubishi kuhusu saa zipi ni za sikukuu ya Uhuru, hivyo aandike saa zote za zamu hiyo na muda wake wa kawaida wa kuanza kazi. Akiingia tena jioni ya tarehe 9, saa za zamu hiyo nazo aziandike zote. Juu ya hapo kuna nyongeza ya kazi ya usiku, isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Iandike kwenye mstari wake, usiichanganye na ya sikukuu.

Tatu, kusanya ushahidi kabla hujasema lolote. Piga picha ratiba ya zamu ingali ukutani. Tunza hati za mshahara, ujumbe wa WhatsApp wa msimamizi anayekupangia zamu, na daftari lako lenye tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka. Kama hukupewa mkataba wa maandishi, usikate tamaa: kutunza kumbukumbu ni wajibu wa mwajiri. Kwa Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 60, mwajiri aliyeshindwa kutunza kumbukumbu zinazotakiwa ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alifuata sheria. Hata hivyo, daftari lako lina nguvu likijazwa siku kwa siku, siyo likiandikwa lote usiku mmoja kabla ya shauri.

Nne, mwandikie mwajiri. Barua fupi inatosha:

"Ndugu Meneja Rasilimali Watu,
YAH: MADAI YA MALIPO YA KAZI SIKU YA SIKUKUU
Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 26 Aprili nilifanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, nikiwa na mapumziko ya saa moja. Mshahara wa mwezi huo haukuonyesha malipo ya sikukuu kwa mujibu wa kifungu cha 25 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Naomba nilipwe shilingi 36,000 kama ilivyo kwenye hesabu niliyoambatisha, ndani ya siku saba."

Toa nakala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, mpitishie katibu wa tawi barua hiyo. Mara nyingi mambo huishia hapo, hasa mkiwa wengi wenye dai moja. Unaweza pia kwenda kwa Afisa Kazi wa eneo lako. Ana mamlaka ya kukagua vitabu vya mwajiri na kumpa amri ya kutekeleza sheria, na kwa mfanyakazi anayeogopa kusimama peke yake hii ni njia nzuri. Ila kwenda kwake usikufanye usahau hatua inayofuata.

Tano, fungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Hesabu iliyo salama ni kuanzia siku ya mshahara ambao ulitakiwa kuwa na malipo hayo. Sikukuu ya Uhuru isipolipwa kwenye mshahara wa tarehe 31 Desemba, hakikisha fomu imefika Tume kabla Februari haijaisha. Usikubali kuzungushwa na ahadi ya "mwezi ujao tutarekebisha" mpaka siku zikaisha. Zikiwa zimepita, utalazimika kuomba kuongezewa muda kwa fomu CMA F2 pamoja na kiapo kinachoeleza sababu za kuchelewa, na Tume inaweza kukataa.

Chukua fomu CMA F1. Nenda ofisi ya Tume ya eneo mgogoro ulikotokea: kampuni ikiwa na makao Dar es Salaam na wewe lindo lako lipo Mbeya, ofisi yako ni ya Mbeya. Andika jina la mwajiri kama lilivyo kwenye mkataba au hati ya mshahara, siyo jina la mtaani wala la msimamizi. Kwenye aina ya mgogoro, taja malipo ya sikukuu. Kwenye matokeo unayotaka, andika kiasi kamili na uambatishe jedwali la tarehe, saa na fedha. Sehemu B iache wazi. Ni ya walioachishwa kazi tu. Mkiwa kundi, mmoja anaweza kusaini kwa niaba ya wenzake ikiwa mmeambatisha orodha ya majina na saini za waliomteua.

Kabla ya kuipeleka fomu Tume, mpe mwajiri nakala na upate uthibitisho wa kupokelewa. Akikataa kusaini, tuma kwa barua ya rejista na utunze risiti ya posta. Tume itataka kuuona uthibitisho huo.

Sita, usuluhishi. Hufanyika ndani ya siku 30 tangu mgogoro kupelekwa Tume, isipokuwa mkubaliane kuongeza. Hudhuria bila kukosa: mlalamikaji asipofika, shauri linaweza kufutwa, mwajiri asipofika, msuluhishi anaweza kuamua bila yeye. Unaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama, wakili au mtu uliyemchagua mwenyewe. Mkikubaliana, hakikisha tarehe ya malipo imeandikwa kabla hujasaini. Mkishindwana, utapewa hati ya kushindwa kusuluhishwa, kisha unaomba uamuzi kwa fomu CMA F8. Tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi, isipolipwa, inakaziwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kama hukumu nyingine yoyote.

Ukiachishwa kazi kwa sababu ya dai hili, huo ni mgogoro mwingine. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini hakimruhusu mwajiri kumwachisha mtu kwa kutumia haki aliyopewa na sheria. Jaza CMA F1 nyingine, safari hii pamoja na Sehemu B, na muda wake ni siku 30 tu.