Namna ya Kumkatalia Mkubwa Bila Kumvunjia Heshima

Wengi wetu tumelelewa kuitikia "ndiyo" kabla swali halijaisha, na malezi hayo hutufuata hadi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, pale mwenyekiti anapouliza "Mnaafiki?" na kila mtu akanyanyua mkono huku akichungulia wa jirani yake. Ukitaka kuiacha tabia hiyo, mwamkie mkubwa ipasavyo, kisha lijadili jambo lenyewe, kwa maana shikamoo haijawahi kuwa ridhaa.

Jua kwanza mamlaka yake yanaishia wapi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaidhinisha; kwa hiyo kiongozi anayemleta mwekezaji hajaja kuwapa taarifa, amekuja kuwaomba. Uliza: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kufahamu, ni ekari ngapi, na kwa miaka mingapi?" Asipojibu, omba swali lako liandikwe kwenye muhtasari. Soma pia kichwa cha karatasi kabla ya kusaini, saini ya mahudhurio isije ikageuzwa kuwa ya kukubali. Wanaojipendekeza, ambao siku hizi huitwa chawa, watakuita mpinzani, waache.

Usisimame peke yako. Katika majaribio ya mwanasaikolojia wa Marekani Stanley Milgram yaliyoanza mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Yale, watu waliamriwa kumpiga mwenzao shoti za umeme, ambazo kwa kweli zilikuwa za kuigiza, na 26 kati ya 40 walitii hadi volti 450. Lakini pale wenzao wawili walipogoma mbele yao, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Kwa hiyo jioni ya kuamkia mkutano kubalianeni nani ataanza kusema na nani atamfuata.

Nyumbani ni kugumu zaidi. Mjomba aliyekulipia ada akitaka umdhamini mkopo, huwezi kumdai muhtasari. Usimjibu mbele za watu. Mwambie, "Nimekusikia, Mjomba, nipe hadi Jumapili," na siku hiyo umfuate mwenyewe, kwani kukataa kwa simu huonekana dharau. Mweleze kwamba udhamini hutaweza, ila una laki mbili ambazo hutazidai. Akinyamaza, nyamaza naye. Ukianza kujitetea utajikuta umeshasaini.